Nyasi Katikati ya Fahali Wawili

Wahenga walinena ya kuwa wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hii hutajwa kila mahali, lakini ni wachache walioionja kama wakulima wa Nyeri na wa vijiji vya chini ya Mlima Kenya, tangu tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alipotangaza Hali ya Hatari.

Usiku wapiganaji wa Mau Mau walishuka kutoka msituni kutaka chakula, fedha na kiapo. Aliyewanyima alihesabiwa kuwa msaliti, na malipo ya msaliti yalikuwa panga. Kulipopambazuka alifika chifu pamoja na walinzi, ambao Wakikuyu waliwaita kamatimo kwa sababu ya mikuki yao, akiuliza ni nani aliyewapikia watu wa msituni. Aliyeshukiwa alipelekwa kizuizini. Na katika Hali ile ya Hatari zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama. Basi mama mwenye chungu cha githeri jikoni alikuwa na hatia akitoa, na hatia akikataa.

Hata hivyo methali yenyewe ina upungufu. Nyasi haziulizwi ziko upande gani. Watu wa Nyeri waliulizwa kila siku. Tena fahali hawa walizaliwa zizi moja, kwani nyumba moja iliweza kuwa na mwana msituni na mwana mwingine katika walinzi. Dedan Kimathi alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, aliyempiga risasi alikuwa polisi wa kabila, Mkikuyu mwenzake.

Kuanzia Juni 1954 hata nafasi ya katikati ilifungwa. Watu zaidi ya milioni moja waliondolewa katika miji yao iliyotawanyika, wakakusanywa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyolindwa, wakashurutishwa kuchimba handaki kando ya msitu. Mashamba yakabaki mbali, na saa za kuyalima zikahesabiwa. Njaa iliingia, ikawashika watoto kwanza.

Kisha kukaja kuunganishwa kwa mashamba, chini ya mpango wa R. J. M. Swynnerton wa 1954. Jambo lenyewe halikuwa baya: vipande vya huku na huku vilifanywa shamba moja lenye hati, na kahawa ikapandwa. Lakini mipaka ilipimwa wakati wanaume wengi wako kizuizini, na asiyekuwapo hakuwa na wa kumsemea.

Mwezi Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilikubali kutoa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa wazee 5,228 walioteswa. Mipaka ya mashamba haikuguswa.