Maji Salama kwa Samaki wa Mapambo
Maji maangavu katika tangi jipya la samaki si lazima yawe salama. Klorini ya maji ya bomba hutukinga sisi dhidi ya vijidudu, lakini huunguza matamvua ya samaki. Tunakushauri uyaache maji katika ndoo isiyofunikwa kwa saa 24 kabla ya kuyatumia. Samaki wakishaingia, kinyesi na mabaki ya chakula huzalisha amonia, sumu isiyoonekana. Bakteria wanaoiondoa huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 kuongezeka. Kwa hiyo anza na samaki wachache, uwalishe kidogo, na kila wiki ubadilishe robo ya maji, kamwe si yote. Wakati wa baridi ya Songea, Juni na Julai, maji mapya yasiwe baridi kuliko ya tangini.