MICHE YA PILIPILI HOHO IZOESHWE JUA KABLA YA KUPELEKWA SHAMBANI

Si jambo geni kuona bustani ya mboga nyuma ya nyumba za askari jeshi na polisi. Bustani hiyo huongeza kitoweo mezani, na ziada yake huuzwa sokoni. Siku hizi wapo wanaootesha pilipili hoho ndani ya banda kitalu, yaani banda lililofunikwa kwa nailoni, ili mvua kubwa na wadudu wasiiharibu miche ingali michanga. Juhudi hiyo ni ya kupongezwa. Hata hivyo, mche wa bandani ukihamishiwa ghafla shambani waweza kunyauka kwa alasiri moja tu, na fedha zilizonunulia mbegu zikapotea bure.

Sababu yake ni hii. Bandani upepo ni haba, hewa ina unyevu, na nailoni hupunguza ukali wa jua. Kwa hiyo majani hukua yakiwa laini, na utando wa nta unaoyakinga huwa mwembamba. Mche huo ukitolewa nje, majani hupoteza maji upesi kuliko mizizi iwezavyo kuyaleta. Jua nalo huyaunguza, yakabaki na mabaka meupe.

Dawa yake ni kuuzoesha mche hatua kwa hatua, kwa muda wa siku 7 hadi 14, ukiwa na majani kamili 4 hadi 6. Siku mbili za kwanza, miche itolewe saa moja au mbili asubuhi, ikae kivulini pasipo upepo mkali. Siku ya 3 na ya 4 ipate jua la asubuhi. Kisha muda uongezwe kila siku, mpaka iweze kushinda juani na, mwishoni, kulala nje. Mabaka meupe yakionekana, turudi hatua moja nyuma. Mvua ya mawe ikitishia, irudishwe ndani mara moja.

Wakati huo maji yapunguzwe: udongo ukauke juu, lakini mche usiachwe ulegee. Mbolea ya kukuzia majani nayo isimamishwe. Kwa wenzetu wa sehemu za baridi kama Kabale, ikumbukwe kwamba pilipili ni mmea wa joto. Usiku joto likikaribia nyuzi 10 za sentigredi, miche ilale ndani.

Sisi wa majeshi twalielewa jambo hili vyema. Kuruti hatwikwi mzigo na kupelekwa mwendo wa kilomita 30 siku anayoripoti chuoni. Wala hanyimwi chakula ili akomae. Vivyo hivyo, mche uliokaushwa kupita kiasi hudumaa, huchanua ungali mdogo, na mazao yake huwa hafifu.

Siku ya kuhamisha iwe ya mawingu, au kazi ifanyike jioni. Miche inyweshwe kwanza, ing'olewe pamoja na udongo wake, ipandwe kwa nafasi ya sentimita 45 kati ya mche na mche, kisha imwagiwe maji tena.

Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Tusiionee miche huruma isiyo na faida, wala tusiifanyie ukatili. Anayevumilia siku hizo chache ndiye atakayevuna, na watoto wake ndio watakaokula.