"Samaki Mdogo" na "Samaki Mchanga": Lugha katika Utekelezaji wa Sheria ya Uvuvi, Arua na Koboko

Miji ya Arua na Koboko haina ziwa, lakini sheria ya uvuvi ya Uganda huwafikia wakazi wake sokoni na barabarani. Samaki wakavu na wa chumvi kutoka Ziwa Albert, wakiwemo wa mwalo wa Panyimur, huuzwa huko, na baadhi huvushwa mpaka kwenda Kongo na Sudan Kusini. Makala haya yanatoa hoja kwamba haki katika utekelezaji wa sheria hiyo inategemea pia tofauti ya maneno mawili.

Sheria inakusudia kuwalinda samaki ambao hawajazaa. Ndiyo maana sangara asiyefikia sentimita 50 na sato asiyefikia sentimita 28 hawaruhusiwi kuvuliwa. Hao ni samaki wachanga. Muziri na ragoge, ambao siku hizi ni sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa Ziwa Albert, ni wadogo kwa maumbile. Muziri aliyekomaa ana urefu wa sentimita chache tu. Neno "mdogo" hubeba maana zote mbili, ya umbo na ya umri. Kwa hiyo, agizo kwamba "samaki wadogo ni marufuku" laweza kumnyang'anya mchuuzi wa muziri bidhaa yake halali, huku likimpa muuzaji wa sangara wachanga mwanya wa kujitetea.

Sheria imeandikwa kwa Kiingereza, ilhali wachuuzi hutumia Kilugbara, Kikakwa, Kialur, Kinubi na Kiswahili. Kiswahili kilienea West Nile kwa kiasi kikubwa kupitia majeshi, na mwaka 2017 jeshi liliingizwa katika usimamizi wa uvuvi ziwani. Msamiati wa amri umezoeleka. Wa maelezo ni haba. Kamati za mialo, zilizopewa nguvu ya kisheria mwaka 2003 na ambazo zingeweza kutoa maelezo hayo, zilisimamishwa mwaka 2015.

Tangu marekebisho ya 2005, Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Inapendekezwa, basi, kwamba wizara inayohusika na uvuvi itoe mwongozo mfupi kwa Kiswahili na lugha za wenyeji, unaomtaja kila samaki kwa jina na kipimo chake badala ya kivumishi. Mwongozo huo ubandikwe masokoni na katika vituo vya mpakani vya Vurra na Oraba, ili afisa na mchuuzi wasome kipimo kimoja.