Seli ikizidiwa na maji, hutupa mizigo

Mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza mbio za Boston Marathon. Asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu kwenye damu. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliokunywa mno njiani, hadi wakafika mwisho wakiwa wazito kuliko walivyoanza.

Sasa maji yanamdhuruje mtu? Maji hupenya utando wa seli kuelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Ndiyo osmosisi, ile ya kipande cha kiazi kwenye maji ya chumvi uliyofanya shuleni. Damu ikizimuliwa, maji yanaingia ndani ya seli nayo inavimba. Seli ya mmea ina ukuta mgumu wa kuizuia. Ya kwetu ina utando laini tu. Seli ya msuli angalau ina pa kutanukia. Ya ubongo imo ndani ya fuvu, na fuvu halitanuki. Ndiyo maana kichwa kinauma, mtu anachanganyikiwa, anapata degedege, na wengine hufa.

Lakini seli haikai tu ikisubiri kupasuka. Haina pampu ya kusukuma maji yenyewe, kwa hiyo inatupa vitu vilivyoyeyuka ndani yake, na maji yanavifuata. Ndani ya dakika chache milango ya protini kwenye utando inafunguka, potasiamu na kloridi zinatoka. Mlango mmoja muhimu uliwasumbua wanasayansi kwa zaidi ya miaka 20: waliona kazi yake bila kujua umeundwa na nini. Mwaka 2014 makundi mawili, moja California na jingine Berlin, yakaitambua protini yake, LRRC8A. (Jina baya, najua.)

Hali ikiendelea kwa siku mbili hivi, seli za ubongo hutupa pia taurini, inositoli na vitu vingine vya akiba. Ubongo unarudi karibu na ukubwa wake wa kawaida, ingawa sodiamu ya damu bado iko chini.

Na hapo ndipo penye mtego. Mgonjwa wa namna hii akiongezewa chumvi haraka, damu inaizidi seli, maji yanatoka kwa kasi, seli inasinyaa. Ile akiba iliyotupwa hairudi leo wala kesho. Huchukua siku kadhaa. Mayelini, ganda linalofunika nyuzi za neva, linaharibika. Mtu aliyeonekana amepona anaweza, siku chache baadaye, kushindwa kuongea, kumeza au kusogeza miguu. Kwa sababu hiyo madaktari hupandisha sodiamu taratibu, kwa kawaida isizidi milimoli 8 hadi 10 kwa lita katika saa 24.

Mkimbiaji aliyeanguka na degedege pale pale kwenye mstari wa mwisho ni habari nyingine. Seli zake zimevimba saa chache tu zilizopita, bado hazijatupa akiba yake. Huyo hupewa maji ya chumvi ya asilimia 3 mshipani, tena upesi.