Nani Atabeba Oscar? Wahakiki Hukuonyesha Mapema, Shida Ni Vile Unawasoma

Alfajiri ya Jumatatu, Machi 3, 2014, huko Los Angeles ikiwa bado Jumapili usiku, Lupita Nyong'o aliitwa jukwaani kubeba Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike kwa kazi yake kwenye 12 Years a Slave. Huku kwetu stori ilikuwa moja: maajabu, baraka, dem wetu ametokelezea. Sawa, na tushangilie hadi leo. Lakini kuna wasee walikuwa wametulia tu, hawakushtuka hata kidogo. Walikuwa wanajua. Na si ati walikuwa waganga.

Rada ni hii. Kabla ya Oscar kuna msururu wa tuzo kuanzia Desemba, na nyingi za mapema zinatoka kwa wahakiki, yaani wale watu kazi yao ni kuangalia muvi na kuziandikia. Kuna New York Film Critics Circle, imekuwa tangu 1935. Kuna ya Los Angeles, ilianza 1975. Kuna National Society of Film Critics ya 1966, hao hupiga kura yao Januari mapema. Ukijua kuzisoma, hiyo siku ya Oscar haikupati ukiwa umelala. Ukizisoma vibaya utakula hasara, hasa kama wewe ni wa kuweka dau na mabeshte.

Cheki vile msimu wa Lupita ulienda. Mwanzo wa Desemba 2013, New York wanatangaza: Jennifer Lawrence, American Hustle. Siku chache baadaye Los Angeles wanasema zii, ni Lupita. National Society, Januari: Lawrence. Golden Globe, Januari 12: Lawrence tena. Critics' Choice, Januari 16: Lupita. Screen Actors Guild, ile ya chama cha waigizaji, Januari 18: Lupita. BAFTA ya Uingereza, Februari 16: Lawrence.

Sasa piga hesabu. Lawrence nne, Lupita tatu. Mtu wa kuhesabu vikombe tu angeweka pesa yake kwa Lawrence na asubuhi aamke akiwa amechapwa. American Hustle ilienda Oscar ikiwa na uteuzi mara 10 na ikarudi nyumbani mikono mitupu. Kumi, sufuri.

Kwa hivyo swali la maana si nani ameshinda ngapi. Swali ni: nani alipiga kura?

Wahakiki hawapigi kura ya Oscar. Hii ndiyo kitu wengi hawajui. Oscar inapigiwa kura na wanachama wa Academy, na hao ni watu wa kazi yenyewe: waigizaji, waelekezi, waandishi wa skripti, watu wa kamera, watu wa sauti. Globe enzi hizo ilikuwa ya waandishi wa habari wa kigeni wasiofika hata 100. Lakini Screen Actors Guild ni waigizaji kwa waigizaji, na waigizaji ndio kundi kubwa zaidi ndani ya Academy. Kikombe kimoja kutoka kwa watu watakaorudi kwa sanduku la kura kina uzito kuliko vitatu kutoka kwa watu wasio na kura. Lupita alikuwa na hicho kimoja.

Sasa utaniuliza, kama wahakiki hawana kura, mbona tunawasikiza Desemba yote?

Sisi wa Bisil hii tunaielewa haraka juu tuna soko la mifugo. Ukifika mapema unapata mabroka tayari wako ndani, wanashika nundu, wanaangalia meno, wanazunguka ng'ombe mmoja mara tatu kama polisi wa trafiki. Broka halipii huyo ng'ombe. Mwenye pesa anakuja baadaye na lori, ako na haraka, hawezi kagua kila mnyama kwa hiyo vumbi yote. Anaanza na wale wanaongelewa. Ng'ombe ambaye hakuna broka amemtaja anaweza kuwa mnono kuliko wote na bado arudishwe nyumbani jioni akitembea.

Wahakiki ndio mabroka. Mwenye lori ni Academy. Na usidhani hao wanachama huangalia kila kitu. Academy yenyewe ilibidi itangaze sheria Aprili 2025 kwamba, kwa raundi ya mwisho, mwanachama lazima awe ameangalia filamu zote zilizoteuliwa kwenye kitengo ndipo apige kura hapo. Jiulize kabla ya hapo ilikuwaje.

Mfano safi ni Drive My Car ya Japani. Saa tatu nzima, watu wanaongea polepole ndani ya gari, hakuna mlipuko hata mmoja. Msimu wa 2021 wahakiki wa New York wakaipa filamu bora, Los Angeles wakaipa, National Society wakaipa. Uteuzi wa Oscar kutoka, hiyo muvi iko na nne, ikiwemo filamu bora ya mwaka na mwelekezi bora. Bila wale mabroka watatu sioni ikifika huko. Usiku wenyewe, Machi 2022, ilibeba moja: filamu bora ya kimataifa. Mlango walifunguliwa, lakini kiti cha mbele kilikuwa cha wengine.

Na kuna siku mabroka wote wanakubaliana na mwenye lori anadinda kabisa. The Social Network, 2010: New York, Los Angeles, National Board of Review, National Society, Critics' Choice, hadi Globe. Wote. Alafu Januari ikafika, chama cha maproducer kikasema The King's Speech. Chama cha waelekezi wakasema The King's Speech. Waigizaji hivyo hivyo. Februari 27, 2011, The King's Speech ikabeba Oscar ya filamu bora. Ukiwa ulifunga hesabu yako Desemba, uliumia. Ukiwa ulingoja hadi mwisho wa Januari, ulikula nyama ya bure.

Sababu nyingine iko kwa vile kura ya filamu bora inahesabiwa. Tangu zile filamu za 2009, wapiga kura wanazipanga kutoka ya kwanza kwenda chini. Kama hakuna iliyopita nusu, ya mwisho inatolewa na kura zake zinahamia kwa chaguo linalofuata, hivyo hivyo hadi moja ivuke. Hapo filamu inayopendwa sana na wachache lakini inawaboesha wengine inaumia. Ile kila mtu ameiweka namba mbili ama tatu inapanda polepole. Wahakiki hupenda kitu kipya, kigumu, cha kubishaniwa. Hii mfumo hupenda kitu watu hawagombanii.

Turudi kaunti yetu kidogo, juu kuna stori ya Kajiado hapa watu wameisahau. Out of Africa, 1985, Meryl Streep na Robert Redford na milima ya Ngong nyuma yao. (Kama filamu kuhusu Kenya ina shida zake kibao, mzungu na shamba na machweo, lakini hiyo ni makala ya siku ingine.) Mwaka huo wahakiki waliilenga kwa filamu bora. New York walipea Prizzi's Honor. Los Angeles wakapea Brazil. National Board of Review wakachagua The Color Purple, National Society wakaenda na Ran ya Akira Kurosawa. Hakuna hata mmoja alisema Ngong. Machi 24, 1986, Out of Africa ikabeba Oscar saba, ikiwemo filamu bora. Mabroka wote nje.

Lakini angalia ndani ya hiyo hiyo muvi. Wahakiki wa Los Angeles walimpa David Watkin tuzo ya kamera kwa vile alipiga hizo nyanda zetu, na Oscar ikamfuata. Klaus Maria Brandauer, aliyecheza Bror Blixen, alibeba New York, National Board of Review na Globe. Kila mtu alijua ni yake. Oscar ikaenda kwa mzee Don Ameche wa Cocoon, miaka 77, mtu amekuwa kwa hiyo kazi tangu enzi za babu zetu na hakuwa ameshinda kitu. Waigizaji hupendana. Mhakiki anapigia kura hiyo kazi ya mwaka mmoja, Academy wakati mwingine inapigia kura maisha ya mtu. Hiyo haionekani kwa orodha yoyote ya Desemba.

Kuna wakati pia wahakiki wanakosa juu ya kalenda tu. Daniel Kaluuya, jamaa wa London mwenye wazazi Waganda, alishinda Oscar ya mwigizaji msaidizi 2021 kwa Judas and the Black Messiah. New York walikuwa wamempa Chadwick Boseman, Los Angeles wakampa Glynn Turman. Si ati walimchukia Kaluuya. Muvi yake ilitoka Februari 2021, msimu ukiwa umesongeshwa na korona, na wao walikuwa wanahukumu filamu za 2020. Critics' Choice, waliopiga baadaye, walimpa. Waigizaji wakampa. Hapo ilikuwa imeisha.

Na Rachel Weisz wa The Constant Gardener, ile ilipigwa Kibera? Los Angeles walimpa Catherine Keener, New York wakampa Maria Bello. Globe na waigizaji wakampa Weisz, Oscar ikafuata 2006.

Kitu inanichekesha zaidi ni Lupita tena. Wale wahakiki wa New York waliomruka 2013 walimpa mwigizaji bora wa kike 2019 kwa Us, ile ya kuogofya amecheza watu wawili. Mwaka waliomnyima alibeba Oscar. Mwaka waliompa, Academy haikumteua hata.

Kwa hivyo mimi Desemba sitafuti mshindi. Natafuta majina yanayojirudia, hasa ya muvi ndogo zisizo na pesa ya mabango. Hayo ndiyo utayaona kwa uteuzi, na hayo ndiyo unamwambia msee wa duka la muvi akuwekee kwa flashi kabla bei na foleni zipande. Mshindi namtafuta Januari na Februari, kwa vyama vya kazi.

Kwa filamu kutoka huku hii si mchezo wa kubahatisha. Studio kubwa hulipia kampeni: maonyesho ya faragha, matangazo, safari. Mwelekezi wa Kampala ama Nairobi hana hiyo doh. Tuzo ya mapema ndiyo inamsukuma mbele ya wapiga kura. Chukua Bobi Wine: The People's President ya Moses Bwayo na Christopher Sharp. Kwa filamu za makala, hata wahakiki hawaaminiki sana. Novemba 2023, Critics' Choice ya makala ilibebwa na Still, ile ya Michael J. Fox, na Oscar haikuiteua. Lakini Desemba hiyo, chama cha kimataifa cha watu wa makala kilipea Bobi Wine filamu bora ya mwaka. Hao ni watu wa kazi yenyewe, na walioteua makala kwa Oscar pia ni watengenezaji wa makala. Januari 2024 ikaingia kwa tano bora, Uganda ndani ya Oscar. Machi 10 ilipigwa na 20 Days in Mariupol, ambayo Februari ilikuwa imebeba tuzo ya chama cha waelekezi na BAFTA.