Usalama wa ATM na hundi

Usalama wa ATM na hundi ni tahadhari anazochukua mwenye akaunti ya benki ili fedha zake zisitolewe na mtu mwingine kwa kadi au kwa karatasi. Njia hizi mbili zinafanana katika jambo moja: benki hulipa kwa kutazama alama, si kwa kumjua mtu. Mashine hutambua kadi na namba ya siri. Karani wa hundi hutazama karatasi na saini. Yeyote aliye na alama hizo huonekana kuwa ndiye mwenye akaunti.

Ufanano huo una historia. Mashine ya kutolea fedha ya benki ya Barclays iliyozinduliwa Enfield, kaskazini mwa London, tarehe 27 Juni 1967, haikutumia kadi ya plastiki. Mteja aliingiza hati ya karatasi iliyofanana na hundi, akabonyeza namba ya siri, akapokea pauni 10.

Namba ya siri

Namba ya tarakimu 4 inaweza kuwa yoyote kuanzia 0000 hadi 9999, yaani kuna namba 10,000. Kwa kawaida mashine humeza kadi au huifunga namba inapokosewa mara 3. Hivyo mwizi anayebahatisha ana nafasi ndogo sana, yaani 3 kati ya 10,000.

Hesabu hiyo hubadilika mteja anapochagua mwaka wake wa kuzaliwa. Miaka ya kuzaliwa ya watu wazima walio hai haizidi mia moja na kidogo, na mara nyingi mwaka wenyewe umeandikwa kwenye kitambulisho kilichomo katika pochi ileile yenye kadi. Namba kama 1234 au 0000 pia ni miongoni mwa zile zinazojaribiwa kwanza. Namba ya siri ikaririwe, isiandikwe kwenye kadi wala kuhifadhiwa pamoja nayo. Mfanyakazi wa benki hana haja ya kuijua. Anayeiuliza kwa simu ni tapeli.

Kwenye mashine

Wezi hutumia zaidi njia tatu:

- Kunakili kadi. Kifaa hubandikwa juu ya tundu la kadi ili kisome ukanda wa sumaku, na kamera ndogo hurekodi vidole. Kadi yenye chipu ni ngumu zaidi kunakili. Tundu lililolegea au lenye rangi tofauti na mashine ni dalili mbaya. Kufunika vitufe kwa mkono wa pili huizuia kamera, na pia humzuia mtu aliyesimama nyuma.
- Kubadilisha kadi. Mtu hujitolea kumsaidia mteja aliyekwama, huona namba ikibonyezwa, kisha humrudishia kadi nyingine inayofanana. Msaada uombwe kwa mfanyakazi ndani ya benki, na jina lililo kwenye kadi lisomwe kabla ya kuondoka.
- Kunasa kadi. Kitu huwekwa ndani ya tundu ili kadi isitoke. Mwenye kadi akiondoka, mwizi huitoa. Ni heri kubaki hapo na kuipigia benki simu papo hapo, kwa namba iliyohifadhiwa mapema kwenye simu.

Kadi kama dhamana

Nchini Tanzania wapo wakopeshaji wa mitaani wanaochukua kadi ya ATM na namba ya siri ya mtumishi au mstaafu kama dhamana ya mkopo. Mwisho wa mwezi mkopeshaji ndiye anayetoa mshahara au pensheni, na mwenye akaunti hubaki akisubiri atakachopewa. Kwa mashine, kila kiasi kilichotolewa kimetolewa na mteja mwenyewe, kwa hiyo ni vigumu kuthibitisha kwamba mkopeshaji amezidisha. Hali ni hiyohiyo kwa mzee anayemtuma kijana kila mwezi na namba yake. Asiyeweza kufika kwenye mashine aulize benki utaratibu wa kumteua mwakilishi kwa maandishi.

Kuandika hundi

Hundi iandikwe kwa kalamu ya wino, bila nafasi tupu. Katika Kiswahili hatari kubwa iko mwishoni, kwa kuwa namba zetu hurefuka kwa kuongezewa maneno nyuma. "Shilingi laki moja" inaweza kugeuzwa kuwa "shilingi laki moja na elfu tisini", na sifuri ya kwanza ya 100,000 ikavutwa mkia ikawa 9. Neno "tu" baada ya kiasi, likifuatwa na mstari hadi ukingoni, huziba njia hiyo.

Mistari miwili sambamba inayochorwa juu ya hundi humaanisha kwamba haitalipwa taslimu dirishani, bali itapitia kwenye akaunti. Hundi iliyosainiwa kabla ya kujazwa ni sawa na kadi iliyoandikwa namba ya siri mgongoni.

Kupokea hundi

Kiasi kuonekana kwenye akaunti si uthibitisho kwamba hundi imelipwa, kwani inaweza kurudishwa baadaye. Matapeli humpa muuzaji hundi inayozidi bei, kisha humwomba arudishe chenji kwa fedha taslimu. Bidhaa na chenji zisubiri hadi benki ithibitishe malipo. Nchini Kenya, kutoa hundi huku ukijua kwamba akaunti haina fedha ni kosa la jinai.

Nani hubeba hasara

Kwa kanuni, benki inayolipa hundi yenye saini ya kughushi haina haki ya kumkata mteja. Lakini mteja naye ana wajibu. Sheria za hundi za Kenya na Tanzania zilifuata mfano wa sheria ya Uingereza ya 1882, na mahakama za huko ziliufafanua wajibu huo. Katika kesi ya benki ya London Joint Stock dhidi ya Macmillan na Arthur ya 1918, karani alimpa mwajiri wake asaini hundi ya pauni 2 ambayo kiasi chake hakikuandikwa kwa maneno. Kisha aliongeza tarakimu pande zote mbili ikawa 120, akajaza maneno na kuchukua fedha. Hasara ilimwangukia mwajiri, kwa kuwa aliacha nafasi. Katika kesi nyingine ya miaka ya 1930, mume aliyejua kwamba mkewe anaghushi saini yake akanyamaza alishindwa kuidai benki.

Likitokea tatizo

Kadi au kitabu cha hundi kikipotea, benki iarifiwe mara moja ili izuie malipo, na muda wa kupiga simu uandikwe. Taarifa ya polisi hufuata. Ujumbe wa simu na taarifa ya akaunti zisomwe kila mwezi, hata kama kiasi kilichotoweka ni kidogo, kwa sababu mwizi huweza kuanza na kidogo ili kujaribu.