Mzee Asianguke Nyumbani

Magazeti huandika ajali za barabarani. Bibi aliyeteleza uani haandikwi. Lakini mfupa wa nyonga ukivunjika, mzee huenda asitembee tena.

Wazee wengi hawanywi maji ya kutosha, wakiogopa safari ya chooni usiku. Matokeo yake ni udhaifu na kizunguzungu. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu nazo huleta kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla.

Basi, ndugu msomaji, fanya hivi:

1. Mpe mzee maji mara kwa mara mchana.
2. Aketi kidogo kitandani kabla ya kusimama.
3. Weka tochi na ndoo karibu naye.
4. Ondoa mikeka iliyokunjamana njiani.

Akianguka na kushindwa kusimama, usimkande wala kumvuta mguu. Mpeleke hospitali mara moja.